Safari ya Mafia, Desemba 2024: kwenda kumtafuta Bi Mkubwa

Hii naandika nikiwa nyumbani tayari, natoa kwenye kidaftari ambacho nusu yake kililowa maji ya chumvi na kwenye picha za simu, kwaiyo saa zingine ni za kukadiria, mnivumilie.

Kwa asiyejua chanzo chake, mimi ni mwalimu wa baiolojia, na Oktoba 2022 nilienda Mafia mara ya kwanza, wakanipeleka Ghuba ya Chole kuangalia matumbawe kwa maski na snokeli (bomba la kupumulia). Huko, kwenye jiwe moja, nikakuta anemoni (mnyama laini wa baharini mwenye minyiri, utadhani ua) kubwa kama sinia la pilau la watu wanne, na juu yake samaki watano rangi ya kahawia iliyokolea, mistari miwili myeupe, mkia mweupe, tumbo la njano ya embe lililoiva. Mkubwa wao akanijia mpaka kwenye kioo cha maski ananifukuza, samaki mwenyewe hazidi kiganja! Mstari wake wa pili upande wa kushoto ulikuwa umekatika katikati, nikampa jina Bi Mkubwa, picha yake nimewaonyesha wanafunzi mpaka wamechoka.

Sasa mwaka 2024 bahari ikachemka. Aprili ikatangazwa kwamba matumbawe yanapauka dunia nzima, mara ya nne hiyo tangu watu waanze kufuatilia, halafu mapema Mei kimbunga Hidaya kikapiga kwetu na Mafia ndo ilikuwa njiani kabisa. Nikasema likizo ya Desemba naenda kuangalia kama Bi Mkubwa yupo. Mdogo wangu akasema na yeye anakuja, haogelei, ila anapenda kula.

Jumamosi 21 Desemba. Mbagala, Bungu, Nyamisati, Kilindoni

Kosta ya Nyamisati tuliipanda Mbagala Rangi Tatu saa kumi na moja alfajiri, elfu kumi kila mtu, na mizigo akataka elfu mbili tukabishana mpaka ikawa buku. Mpaka Bungu lami, unasinzia tu. Ukiacha lami hapo Bungu ndo safari inaanza, mvua ya usiku ilikuwa imefanya barabara uji, gari likazama mara mbili, wanaume tukashuka kusukuma, nikafika Nyamisati nina tope mpaka kwenye nyusi.

Boti za huku zinafuata maji, sio saa ya ukutani. Maji yakianza kutoka, mkono wa bahari wa pale kwenye mikoko unakuwa tope, chombo hakipiti. Sisi tunafika saa tatu na dakika arobaini na boti ni saa nne, ila konda alikuwa ameshapiga simu tangu tumekwama mara ya pili, anasema "nina abiria kumi na moja, msiondoke", na hakutudai hata mia kwa hilo. Nauli ya boti nililipa elfu 16. Ukienda wewe piga simu siku moja kabla uulize maji yanajaa saa ngapi, usitegemee ratiba ya wiki iliyopita.

Njiani karibu masaa manne. Tukishatoka kwenye mikoko kaskazi ikaanza kutupiga ubavuni na mdogo wangu akatapika kila alichokula tangu Ijumaa. Mama mmoja wa Kilindoni, alikuwa anarudi na magunia ya vitunguu, akampa ndimu anuse na kipande cha tangawizi atafune, akamlaza kichwa kwenye gunia lake. Nilipotaka kumnunulia soda pale gatini akacheka akasema "baba, nenda kamwogeshe kwanza."

Tulilala Kilindoni, gesti elfu 25. Toa hela yako yote hapa Kilindoni, ukishafika Utende usitegemee mashine ya benki.

Jumapili 22 Desemba. Utende

Kilindoni mpaka Utende ni kama kilomita 15, lami, daladala elfu mbili. Unapita geti la Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ambayo ndo hifadhi ya bahari ya kwanza Tanzania, ilianza 1995. Raia analipa kidogo sana kulinganisha na mgeni kwaiyo beba kitambulisho, mdogo wangu alisahau chake ikabidi aonyeshe picha ya kitambulisho kwenye simu na kuongea Kiswahili kirefu.

Siku nzima mvua. Cha maana kilichotokea ni kwamba nilimpata nahodha yule yule wa 2022, mzee wa kisiwa cha Chole, kichwa kimekuwa cheupe zaidi. Nikamwamkia shikamoo, nikamwonyesha picha ya Bi Mkubwa. Akaiangalia muda mrefu, akasema jiwe analikumbuka, samaki hamkumbuki. Nikamuuliza kwani nyie huku huyu mnamwitaje? "Mwalimu, samaki asiyeingia kwenye sufuria jina la nini?"

Tukapatana laki na ishirini kwa siku, na bahati nzuri kwenye chumba cha jirani kulikuwa na vijana wawili kutoka Arusha wakakubali tuchangie, tukagawana nusu kwa nusu. Maski na mapezi ya mguuni kukodi elfu kumi. Jaribu maski hapo hapo dukani, ibandike usoni bila mkanda uvute hewa kwa pua, ikidondoka inavuja.

Jumatatu 23 Desemba. Siku ya kukosa

Mwezi ulikuwa robo, yani maji mafu, na hili nililipanga makusudi. Siku za bamvua, maji makubwa, yanavyoingia na kutoka pale Kinasi, mlango wa ghuba, ni kama mto, utapigwa mkondo mpaka usahau ulichokuja kuangalia. Tuliingia kama saa nne maji yanamalizia kujaa.

Jina la fungu siandiki. Hawa samaki wanauzwa, sio kwa kula, kwa kuwekwa kwenye matangi ya vioo Ulaya na Marekani, na tofauti na changu au tasi, huyu hahami. Ukimwambia mtu alipo leo, mwaka kesho atamkuta pale pale. Kinachoniuma ni kwamba samaki hawa wanazalishwa vizuri tu kwenye matangi, hakuna sababu ya kumtoa wa mwambani. Na anemoni zenyewe zinakua taratibu sana na kuishi miaka mingi, ukiing'oa moja hiyo nafasi inaweza kukaa tupu utu uzima wako wote.

Asubuhi hiyo tulizunguka masaa mawili hatujaliona jiwe. Matumbawe kuna mahali yamesimama vizuri yana rangi zake, halafu unasogea kidogo unakuta yale ya matawi yamevunjika yamelala kama mifupa na majani ya bahari yameanza kuota juu. Nahodha anasema ya kulala yale ni kimbunga, na yaliyosimama yakiwa meupe halafu yakageuka kijani ni joto. Akasema 1998 ilikuwa mbaya kuliko hii, mwaka wa El Niño ile, kuna mafungu yalikufa karibu yote na yeye alidhani ndo mwisho.

Ila sikutoka mikono mitupu. Kijana mmoja wa Arusha akanivuta mguu, kuna anemoni nyingine, shina lake zambarau, na juu yake samaki wa rangi ya chungwa iliyopauka, mstari mmoja tu mweupe kutoka mdomoni unapita mgongoni mpaka mkiani. Huyu kitaalamu anaitwa Amphiprion akallopisos. Huku kwetu wako hawa na wale wa mistari miwili kama Bi Mkubwa, Amphiprion allardi, ambao makwao ni pwani ya mashariki ya Afrika tu, kuanzia Kenya kushuka mpaka Durban. Yule Nemo wa kwenye katuni ambaye kila mtoto anamjua ni mwenyeji wa huko Indonesia na Australia, kwetu hayupo, kwaiyo ukisikia mtembeza wageni anamwita kwa lile jina msahihishe taratibu.

Akallopisos ana kituko kimoja, anapatikana huku kwetu na visiwani mpaka Madagaska na Shelisheli, halafu katikati ya bahari yote hayupo, unamkuta tena upande wa Sumatra. Na hawa wanaongea, wanagonga meno yao kwa taya, tok tok tok, wakigombana. Watafiti walirekodi wa Madagaska na wa Indonesia wakakuta milio inatofautiana. Yani samaki ana lafudhi, kama Mmvita na Muunguja.

Nilikaa juu yao mpaka mgongo ukaungua. Vaa fulana ya mikono mirefu, mimi usiku ule nililala kifudifudi napakwa mafuta ya nazi na mdogo wangu huku ananicheka. Chakula cha jioni wali wa nazi na pweza wa kukausha, elfu nane, sahani ya kushiba watu wawili.

Jumanne 24 Desemba. Jiwe

Nahodha alikuja asubuhi akasema ameota jiwe lilipo. Sijui ameota kweli au alienda kuuliza wenzake, ila alisimamisha chombo akapanga mnazi fulani wa Chole na ncha ya kisiwa cha Juani, akasogea hatua chache, akasema "ruka". Hakutupa nanga juu ya matumbawe, alisogea mpaka kwenye mchanga. Ukiona nahodha anatupa nanga popote tu, mwambie, au mwakani tafuta mwingine.

Mita nne chini hivi. Jiwe lile lile lenye umbo la tanuri. Na anemoni ipo!

Niliibuka nikapiga kelele kama mtoto. Halafu nikazama tena nikaanza kuhesabu: watatu. Nilikuwa nimewaacha watano.

Mkubwa akanijia usoni kama kawaida yao, nikamwangalia ubavu wa kushoto, mstari wa pili umenyooka, mzima. Sio yeye. Nikazunguka jiwe lote, nikaangalia chini ya ukingo, nikakaa pale nimeshikilia pumzi mpaka masikio yanauma. Bi Mkubwa hayupo.

Tulipopanda chomboni nikafungua simu (iko kwenye mfuko wa plastiki ule wa elfu tano Kariakoo, nunua, unafanya kazi) nikaangalia ile picha ya 2022 kwa kuikuza, na picha nilizopiga muda huo kwa kamera ya wale vijana. Nyuma ya Bi Mkubwa mwaka ule kuna samaki wa pili, mdogo wake kwa umbo, ambaye mstari wa kichwani una kidoti cheusi kama tone la wino karibu na jicho. Mkubwa wa sasa ana kidoti hicho hicho, mahali hapo hapo.

Sasa hapa ndo nilimweleza nahodha kitu kilichomfanya azime injini. Hawa wote huanza wakiwa dume. Kwenye anemoni moja jike ni mmoja tu, ndo mkubwa kuliko wote, wa pili kwa ukubwa ndo mume wake, na wengine waliobaki hawazai, wanasubiri foleni. Jike akifa au akiliwa, mume anakua na kugeuka jike, na yule aliyekuwa wa tatu anapanda kuwa mume. Mjerumani Hans Fricke na wenzake walilifuatilia hili miaka ya 1970, na mmoja wa samaki waliowachunguza ndo huyo akallopisos tuliyemwona jana.

Nahodha kimya. Halafu, "Kwaiyo huyu wa leo ndo alikuwa mume wa yule wako?"

Ndiyo mzee, kama macho yangu hayajanidanganya.

"Mwalimu, hii mimi siipeleki kijiweni. Watasema nimekunywa maji ya bahari."

Kijana wa Arusha akauliza mbona wadogo hawapigani ili wapande haraka. Kwa sababu wanajizuia kukua. Mtafiti Peter Buston alionyesha 2003, kwa jamaa zao wa Papua New Guinea, kwamba kila mmoja anabaki mdogo kiasi fulani kwa aliye mbele yake ili asionekane tishio akafukuzwa, na kufukuzwa kwenye anemoni ni kufa, nje kuna chewa anasubiri. Na 2025 wengine wakatoa utafiti wa huko huko Papua: samaki 134 waliopimwa wakati wa joto kali la bahari 2023, 100 kati yao walipungua urefu. Sio kukonda jamani, walifupika, na waliofupika walipona zaidi. (Hili la mwisho sikulijua siku ile, nimelisoma wakati naandika hapa ikabidi nirudi kulichomeka.)

Anemoni yenyewe ni mnyama, jamaa ya matumbawe, minyiri yake imejaa vishale vya sumu. Samaki hachomwi kwa sababu ya ute wa ngozi yake. Analipa kodi pia: anawafukuza samaki kipepeo wanaokuja kuidokoa minyiri, mavi na mkojo wake ni mbolea ya vile vimwani vidogo vinavyoishi ndani ya anemoni, usiku anaipepea maji ipate hewa. Joto likizidi vile vimwani vinatoka, anemoni inapauka kama tumbawe. Kule kisiwa cha Moorea, Pasifiki, 2016 anemoni zilipopauka, samaki waliokuwa juu yake walipungukiwa mayai kwa asilimia 73. Ya kwetu hapa ilikuwa na rangi yake ya kahawia, ila naapa ilikuwa kubwa zaidi 2022, picha zote mbili nimezilinganisha na lile jiwe.

Nilirudi majini mara ya mwisho kupiga picha ya kumalizia, na ndo nikayaona. Chini ya ukingo wa anemoni, kwenye jiwe lililosafishwa kama limesuguliwa na jivu, kiraka cha mayai, kama upana wa kitambulisho changu. Yule wa pili, mume mpya, anayapepea kwa mapezi, anayapuliza, anadokoa yaliyoharibika. Mwanzoni mayai huwa ya rangi ya chungwa, haya yalikuwa yameshakuwa ya kijivu yana vidoti vinavyong'aa, macho hayo. Maana yake zimebaki siku chache au hata usiku huo huo, maana huanguliwa giza likishaingia. Vitoto vinachukuliwa na maji, vinaelea kama siku kumi hivi, halafu kila kimoja kinatafuta anemoni kwa harufu. Kikikuta nyumba imejaa kinafukuzwa.

Nilijaribu kutafuta nyumba za kuvipokea hapo jirani. Ndani ya umbali niliothubutu kuogelea nilikuta anemoni moja tu, na wenyewe wapo.

Jumatano 25 Desemba. Chole

Krismasi. Nahodha alitualika kwake Chole, yeye Mwislamu sisi Wakristo, mkewe akapika pilau na kachumbari ya embe mbichi, mdogo wangu akasahau kabisa mambo ya boti. Kuvuka buku moja. Angalia popo wakubwa wa Chole wamening'inia mchana kweupe kama nguo kwenye kamba, na mafundi wanaochonga majahazi.

Baada ya kula mzee alisimulia baruti za zamani za kuvulia samaki, anasema ulikuwa unakunywa chai barazani unasikia mlio, mwamba wa miaka mia umekwenda kwa sekunde moja. Nikamuuliza kama kuzuiwa kuvua kwenye maeneo ya kiini ya hifadhi kunawauma. Akasema kunauma, asikudanganye mtu, hasa mwezi wa Saba kusi inapopiga huwezi kwenda nje na ndani umekatazwa. "Ila pweza tukimfungia mwamba miezi mitatu anarudi mkubwa hivi, nimemwona. Huyu samaki wako sina faida naye, lakini akiwepo na mwamba upo." Mkewe akadakia, faida ipo, si ndo amewaleta hawa na laki na ishirini yao?

Alhamisi 26 Desemba. Kurudi

Boti saa nne, bahari ya mafuta, hakuna aliyetapika, saa nane Nyamisati, saa moja usiku Mbagala. Kwa watu wawili siku sita tumetumia kama laki tano na nusu, kubwa ni chombo na kulala. Ukienda na watu wanne inashuka sana.

Nilimwachia mzee ile picha nimeichapisha, na maski yangu ya zamani. Jana kanitumia sauti kwenye simu, upepo unavuma hata humsikii vizuri. Anasema alipita pale jiweni na mjukuu wake, mayai hayapo, jiwe limeshasafishwa upya, wenyewe wapo watatu, na yeye alisogeza kidole kumwonyesha mtoto kile kidoti cha wino, Bi Mkubwa mpya akamng'ata.